KWA NINI NESI ANAANDIKA NAMBA YA CHUPA YA DAMU? (Sehemu ya 4)

Kina mama wa Kasekese, na nyie kina baba mnaosoma kimya kimya, karibuni tena. Mliniuliza kwa nini nesi akitundika damu lazima aandike namba ya chupa kwenye faili. Jibu lina safari ndefu kidogo, twende pole pole.

Mwaka 1937, hapo jirani Uganda, wilaya ya West Nile, mama mmoja aliugua homa. Watafiti waliokuwa wanatafuta homa ya manjano wakachukua damu yake, wakakuta kirusi kigeni. Wakakipa jina la wilaya ile. Kinaishi kwa ndege. Mbu akimuuma ndege kisha akakuuma wewe, umekipata. Wengi hata hawaugui.

1999 kikatokea New York. Kunguru wanadondoka wamekufa, wazee wanalazwa ubongo umevimba. Maabara wakasoma vinasaba vya kirusi, yaani yale maandishi yake ya ndani, herufi kwa herufi. Kikafanana sana na kilichoua bata bukini Israeli mwaka 1998. Kama mjukuu anavyojulikana kwa sura ya bibi yake!

Sasa Agosti 2002, hukohuko Marekani. Watu 4 walikuwa wamepandikizwa viungo vya marehemu mmoja: moyo, ini na figo mbili. Wote wakapata kirusi hicho. Watatu ubongo ukavimba, na mmoja akafariki. Ni mbu tena? Hapa ndipo ninapoipenda hii historia. Marehemu aliongezewa damu nyingi kabla hajafa, na sampuli zake zilikuwa zimetunzwa. Ya kabla ya kuongezewa: hakuna kirusi. Ya siku viungo vinatolewa: kipimo cha vinasaba kikakionyesha. Basi ni damu. Waliochangia walikuwa 63. Wakafuatiliwa, akapatikana mmoja aliyekuwa na kirusi siku aliyotoa. Bila kumbukumbu wangeanzia wapi jamani?

Julai 2003 Marekani wakaanza kupima damu ya wachangiaji kwa vinasaba vya kirusi hicho nchi nzima.

Kwetu upandikizaji bado mchanga, figo ya kwanza Muhimbili ni Novemba 2017. Lakini damu tunaongezewa kila siku, mama aliyejifungua, mtoto mwenye malaria kali. Inapimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Ukipata homa baada ya kuongezewa, hata kama umesharudi nyumbani, rudi useme ni hospitali gani na tarehe gani. Tutaifungua faili, tuitafute ile namba.

Sehemu ya 5: upungufu wa damu kwa mjamzito.