Jino la Utoto na Kipimo cha Umri

Kabla ya cheti cha kuzaliwa kuenea pwani, umri wa mtoto ulisomwa mwilini mwake. Meno ya utoto ni 20. Yale ya mbele, aghalabu ya chini, hulegea mtoto anapofikia miaka sita hivi, na ya mwisho hung'oka yapata miaka 12. Pengo la kwanza, basi, lilikuwa tarehe isiyohitaji wino.

Wanazuoni wa fikihi waliitambua alama hiyo. Katika madhehebu ya Maliki, mama aliye mtumwa hatenganishwi na mwanawe kwa kuuzwa mpaka mtoto abadilishe meno. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa Mrima na visiwani, huweka mpaka huo kwenye tamyizi, yaani mtoto kuweza kupambanua mambo, kadiri ya miaka saba. Vipimo ni viwili, umri ni karibu mmoja. Kwa mtoto huru, huo ndio wakati wa kuamrishwa sala. Kwa mtoto mtumwa, ndio wakati kinga yake ilipokwisha.

Na hiyo ni sheria. Soko lilikuwa na desturi zake. Nahodha Mwingereza Thomas Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811, alieleza jinsi wanunuzi walivyoanza kwa kukagua kinywa na meno, kisha viungo vyote vya mwili. Kinywa alichokitazama mwanachuoni kwa ajili ya huruma, mnunuzi alikitazama kwa ajili ya bei.

Moa, bandari ndogo kaskazini ya Tanga katika nchi ya Wasegeju na Wadigo, inaelekeana na Pemba. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na haja ya vibarua wa shokoa ikahamia huko. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Hata hivyo, vyombo viliendelea kuvusha mateka kwa siri kutoka pwani inayokabili Pemba, watoto wakiwamo. Gizani hapakuwa na kadhi wa kuuliza kama mtoto ameshabadilisha meno.

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Mwili, lakini, uliendelea kutoa ushahidi. Tanzania ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, kwa watoto wa miaka saba, wengi hawakuwa na cheti. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa. Akiligusa sikio la upande wa pili, aliandikishwa. Darasa la kwanza likajaa mapengo. Safari hii pengo halikumwondolea mtoto kinga: alikwenda kusoma, na mchana akarudi kwa mama yake.