Kazi ya kikundi na kazi ya mtu binafsi mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu ya Shinyanga na kuongezewa Busega iliyotoka Mwanza. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba, mahindi, mtama na dengu, na pia wafugaji. Shamba la pamba ni la kaya moja na fedha yake ni ya kaya hiyo. Hata hivyo, tangu jembe la kwanza hadi siku ya mizani, zipo kazi ambazo kaya peke yake haiziwezi, na zipo nyingine ambazo kikundi kikiziingilia huziharibu. Wasukuma walizitenganisha mapema.

Kazi ya kikundi hasa ni kulima. Mvua za kwanza zikinyesha, siku za kupanda ni chache, na kaya yenye watu wanne haiwahi. Kwa desturi vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kulima, uitwao elika, chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale. Mwenye shamba alikwenda kwa kiongozi huyo kuomba siku. Vikundi vya bugobogobo viliongeza ngoma: wakulima hujipanga mstari, majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na ngoma ikiharakisha nao huharakisha. Fundi hulirusha jembe hewani, likazunguka, akalidaka bila kupoteza zamu yake kwenye tuta. Mtazamaji huona mchezo, lakini mdundo unafanya kazi kubwa: anayelegea huonekana mara moja, na aliyechoka hubebwa na mwendo wa wenzake. Malipo yalikuwa chakula, pombe au mnyama wa kuchinja, baadaye fedha. Jioni kikundi huondoka. Shamba hubaki na mwenyewe.

Kupalilia mara nyingi, kuchuma na kuchambua pamba ni kazi za nyumbani. Kutenga pamba safi na fifi, yaani isiyo safi, kunataka jicho la mtu anayejua kwamba hasara ni yake. Lakini hata jicho hilo lina mpaka. Mkulima anayetia maji au mchanga ili mzigo uwe mzito hupata shilingi kadhaa za ziada, huku pamba yake ikichanganywa na ya jirani kwenye ghala na jina baya likawaangukia wote.

Mizani ndiyo iliyowafundisha wakulima wa Kanda ya Ziwa nguvu ya wingi. Katika miaka ya 1940 na 1950 walilalamika kupunjwa uzito na wanunuzi, na mkulima mmoja mbele ya mnunuzi hakuwa na sauti. Vyama vya msingi vikaundwa, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, kwa uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Halikumnyang'anya mtu shamba: lilikusanya, likapima na kuuza.

Serikali ilipotaka hata kilimo chenyewe kiwe cha pamoja, mambo yalikwenda tofauti. Operesheni ya kuhamia vijijini ya miaka ya 1970 iliwaweka watu karibu na shule na zahanati, na hiyo ni faida ya kweli. Ila mashamba ya kijiji yalibaki nyuma ya mashamba ya kaya, kwa kuwa mvua iliponyesha kila mtu alikimbilia kwake kwanza. Kuwaita watu hao wavivu ni kuwaonea. Elika ilikuwa na zamu na malipo ya wazi, na kila mmoja alijua mavuno ni ya nani. Ushirika wa kuuza nao uliguswa: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Soko lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, na tangu 2018 ununuzi umerudishwa kupitia vyama vya msingi, AMCOS.

Ipo kazi moja isiyoingia katika upande wowote: kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno ili wadudu wasipate makazi hadi msimu ujao. Kila mtu huifanya shambani mwake, bila ngoma, na haina malipo ya siku hiyo. Ila mmoja akiiacha, funza hutoka kwake wakala pamba ya majirani. Kwa sababu hiyo haikuachwa kwa hiari ya mtu, imewekewa kanuni.

Katika ufugaji pia mgawanyo huo upo: ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi, yapo ya aina zote mbili: ya kaya na ya kijiji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado za Shinyanga, ulizifufua zote. Ya kaya hulindwa na mwenye ng'ombe. Ya kijiji yalitegemea dagashida, baraza la jadi linalotunga kanuni, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, waliomkamata anayeingiza mifugo kabla ya wakati na kumtoza faini.