Mwano: Wito wa Hatari Porini, Kutoka Ntuzu Hadi Setilaiti

Mwano ni yowe la hatari la Wasukuma. Katika nchi ya Ntuzu, ambayo kitovu chake leo ni Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, na katika vijiji kama Ngulyati, sauti hiyo ndefu ya juu ilikuwa na maana moja kwa kila aliyeisikia: kuna mtu yuko hatarini, na kila mwanamume mwenye nguvu aache alichonacho mkononi, ashike rungu, fimbo au upinde wake, akimbilie inakotoka. Ng'ombe wameibwa, fisi ameingia zizini, nyumba inawaka, mtoto aliyekwenda machungani hajarudi na giza limeshaingia. Yote hayo yaliitiwa kwa sauti hiyohiyo.

Nguvu ya mwano haikuwa katika koo la anayepiga, bali katika wajibu wa anayesikia. Aliyesikia hakutakiwa kukimbia tu. Alitakiwa naye aupige, ili nzengo ya pili, yaani mtaa wa pili, isikie na kuupeleka kwa ya tatu. Nyumba za Wasukuma zilijengwa kwa kuachana, kila mji na mashamba yake na uwanda wa malisho, na bila kupokezana namna hiyo sauti ingeishia kwa majirani wachache. Wezi waliokuwa wakiswaga ng'ombe kuelekea porini mashariki walijikuta habari imewatangulia. Vijana wakiongozwa na nsumba ntale, mkubwa wao, ndio waliofuata nyayo. Banamhala, yaani wazee, walibaki na kazi nyingine ngumu zaidi ya kuuliza baadaye nani alisikia asitoke. Asiyetoka bila sababu alitozwa faini. Akishupaa, alitengwa: hasalimiwi, hapewi moto wala maji, na siku akifiwa hakuna wa kumchimbia kaburi. Kwa watu wanaolima na kuvuna kwa kusaidiana, adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko kifungo.

Upande wa mashariki wa Ntuzu ndipo wito huo ulipohitajika zaidi. Huko mashamba yanakwisha na kuanza nyika inayoungana na Serengeti, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa mwaka 1962. Wachungaji waliingia huko wakifuata majani wakati wa kiangazi, wawindaji wakafuata nyama. Mtu aliyevunjika mguu au kuumwa na nyoka ndani ya pori lile alitegemea wenzake tu, kwa sababu yowe halivuki mwendo wa nusu siku ambao hauna nyumba hata moja.

Uhuru ulibadilisha misingi ya mwano bila kukusudia. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa watemi, na mamlaka yaliyokuwa nyuma ya faini na kutengwa yakabaki bila mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwasogeza watu pamoja na kuvunja nzengo za zamani. Wizi wa ng'ombe na mauaji vikazidi, hasa ya wanawake vikongwe waliosingiziwa uchawi. Msako wa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga uliishia kwa mateso na vifo vya watu waliokamatwa, hata Ali Hassan Mwinyi akajiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977. Vita dhidi ya Idi Amin, vilivyokwisha mwaka 1979, vilifuatiwa na kuenea kwa silaha mikononi mwa majambazi.

Ndipo ilipozuka Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanavijiji wenyewe. Ilianzia upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1982 ilikuwa imeenea vijiji vingi vya Usukuma na Unyamwezi, Bariadi ikiwamo. Waasisi wake walichukua mwano wa zamani wakauongezea mpangilio: kila kijiji na ntemi wake wa Sungusungu, makamanda, katibu wa kuandika barua kwa kijiji jirani, na filimbi shingoni mwa kila mtu. Filimbi ina faida ambayo yowe halina, kwani hata mtu aliyekaukiwa na sauti au aliyelala chini na maumivu anaweza kuipuliza. Mwalimu Nyerere aliiunga mkono ingawa mahakama zililalamika, na mwaka 1989, Mwinyi akiwa Rais, sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwapa wanasungusungu uwezo wa kukamata. Lazima isemwe pia kwamba nguvu hii iliua. Umati ulioitwa kwa mwano mara nyingi haukungoja ushahidi, na waliopigwa hadi kufa hawakuwa wezi wote.

Mwaka huohuo wa 1982, wito wa namna nyingine ulianza kusikika angani. Chanzo chake kilikuwa Alaska. Tarehe 16 Oktoba 1972 ndege ndogo iliyowabeba wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, ilipotea huko. Ilitafutwa kwa siku 39 na haijaonekana mpaka leo. Katika miaka hiyo Marekani ililazimisha ndege ndogo kubeba redio ya hatari, kisanduku kinachojiwasha chenyewe ndege inapojigonga. Lakini redio hizo za mwanzo, za masafa ya 121.5 megahezi, zilihitaji ndege nyingine ipite karibu na iwe inasikiliza. Porini zililia bila wa kuitikia, sawa na mwano uliopigwa mahali pasipo na nzengo.

Suluhisho lilikuwa kuweka msikilizaji juu. Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilikubaliana mwaka 1979 kuunda mfumo wa pamoja, Cospas-Sarsat, na setilaiti ya kwanza ilirushwa na Wasovieti tarehe 30 Juni 1982. Haikupita miezi mitatu: tarehe 10 Septemba iliwezesha kupatikana kwa watu watatu ambao ndege yao ilianguka katika milima ya British Columbia, Kanada. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, na setilaiti ya Moscow iliwaokoa raia wa upande wa pili. Tangu hapo zaidi ya watu 50,000 wamesaidiwa.

Kifaa chenyewe ni kidogo. Redio ya kisasa hutumia masafa ya 406 megahezi kwa nguvu ya wati 5, hutuma mlio wa nusu sekunde kila baada ya sekunde 50 hivi, na betri yake hudumu saa 24 au zaidi. Setilaiti za mwanzo zilijua mahali kwa kupima mabadiliko ya masafa ya mlio, kama mtu aliyesimama barabarani anavyosikia honi ya basi ikiwa juu linapokuja na kushuka likishapita. Jibu liliangukia ndani ya kilomita 5 hivi. Redio nyingi za leo zina GPS na husema zilipo kwa usahihi wa mita mia moja hivi. Kila moja ina namba yake, na ndani ya namba hiyo mna alama ya nchi: 674 na 677 kwa Tanzania, 634 kwa Kenya. Mwenyewe akiisajili, waokoaji hupata simu ya ndugu zake na kuwauliza alikwenda wapi. Usajili huo una thamani kubwa, maana sehemu kubwa sana ya milio inayopokelewa ni ya bahati mbaya, na simu moja hutenganisha ajali na kisanduku kilichodondoka stoo.

Mtafiti wa wanyamapori Michael Grzimek hakuwa na chombo hicho. Ndege yake iliyopakwa mistari ya pundamilia ilianguka Serengeti tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na tai, na alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Miaka 57 baadaye, tarehe 29 Januari 2016, ndani ya Pori la Maswa mkoani Simiyu, rubani Mwingereza Roger Gower aliyekuwa akiwafuatilia majangili wa tembo alipigwa risasi kutoka chini akiwa katika helikopta. Alifanikiwa kuishusha, na mwenzake alinusurika, lakini yeye alifariki kabla ya waokoaji kumfikia. Setilaiti haziufupishi mwendo kati ya mlio na anayekuja.

Jambo hilo lilionekana tena tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona.

Hivi sasa wito katika vijiji vya Bariadi hupita zaidi kwenye simu za mkononi, na filimbi bado zipo. Lakini mtandao hufifia kadiri mtu anavyoingia pori la mashariki, na huko ndiko redio ya 406 inakofaa: kwa rubani, kwa askari wa wanyamapori, kwa msafara wa watafiti. Mchungaji wa Ngulyati hana uwezo wa kuinunua, lakini halmashauri na mapori ya akiba yangeweza kuweka chache mikononi mwa vikundi vya doria vinavyopakana na vijiji. Zikiwekwa, zisajiliwe kwa majina na simu za watu walio karibu, wanaojua mapito ya kuingia Maswa wakati wa masika. Waitwe wao kwanza, na walipwe kwa kazi hiyo.