Mlo Kamili kwa Wakimbiaji wa Mbio Ndefu katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Ukanda wa Ziwa Victoria una historia yake katika riadha. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda Marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Jijini Mwanza, mashindano ya Rock City Marathon yaliyoanza mwaka 2009 yamewavuta barabarani wananchi wa kawaida: watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara. Ushindi wa Alphonce Simbu katika marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, umeongeza hamasa hiyo. Hata hivyo, wengi huanza mazoezi bila kubadili mlo, na hapo ndipo uchovu usioisha na majeraha ya mara kwa mara yanapoanzia.

Mwongozo wa kitaifa wa ulaji unagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde, karanga na mbegu; vyakula vya asili ya wanyama; mbogamboga; matunda; na mafuta pamoja na sukari, ambavyo hutumika kwa kiasi. Mkimbiaji hahitaji kundi la saba. Kinachobadilika kwake ni kiasi na wakati wa kula.

Wanga ndio nishati kuu ya mbio ndefu. Mwili huuhifadhi kwenye misuli na ini, lakini akiba hiyo ni ndogo. Mtu anayekimbia kwa kasi bila kula njiani anaweza kuimaliza kabla ya kilomita 42.195 za marathoni kutimia. Anayefanya mazoezi ya takribani saa moja kwa siku anahitaji gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 60, gramu 6 kwa kilo ni gramu 360, sawa na karibu nusu kilo ya unga mkavu wa mahindi endapo angekula ugali pekee. Ni bora kiasi hicho kigawanywe kati ya ugali wa mtama au muhogo, wali, ndizi na viazi vitamu. Michembe na matobolwa, ambavyo kaya nyingi za Usukumani huvihifadhi kwa ajili ya kiangazi, navyo ni wanga mzuri, ingawa vijana wa mjini huvidharau.

Kwa protini, Mwanza ina neema ya pekee. Gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya gramu 50 za protini, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, huupatia mwili pia madini ya kalsiamu. Mkimbiaji wa kilo 60 anahitaji protini kati ya gramu 72 na 96 kwa siku. Dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, pamoja na choroko, dengu, maharage au maziwa, hukidhi hitaji hilo bila kununua unga wa protini wa dukani kwa bei kubwa.

Suala linalohitaji uangalizi zaidi ni madini chuma. Malaria, kichocho na minyoo, maradhi ambayo bado yapo katika mwambao wa ziwa, hupunguza damu, na mtu mwenye damu pungufu hawezi kukimbia vyema hata akila wanga wa kutosha. Mchicha, mgagani na majani ya kunde vina madini hayo, lakini mwili huyafyonza vizuri zaidi yakiliwa pamoja na chungwa, limau au pera. Chai ya rangi hupunguza ufyonzaji huo. Ni vyema inywewe angalau saa moja baada ya mlo. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma baada ya kuongeza mazoezi anapaswa kufika kituo cha afya, kwa kuwa sababu mojawapo ni kula kidogo kuliko nishati anayotumia.

Usiku wa kuamkia mbio si wakati wa kujaribu chakula kipya. Wali au ugali na samaki vinatosha. Maharage mengi na mlenda hulisumbua tumbo siku inayofuata. Mbio zikianza saa 12 asubuhi, uji mwepesi au ndizi mbivu saa 10 alfajiri hufaa. Kwa anayekimbia zaidi ya saa moja na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa husaidia, na ndizi moja ya wastani hutoa takribani gramu 25.

Maji ya ziwa yachemshwe au yatibiwe kabla ya kunywewa. Mkimbiaji anywe kwa kufuata kiu. Kunywa kupita kiasi huzimua chumvi mwilini na kunaweza kuhatarisha maisha. Baada ya mazoezi marefu, viazi na maziwa, au wali na maharage, viliwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja. Anayechoka isivyo kawaida kwa wiki kadhaa apimwe wingi wa damu, malaria na kichocho kabla ya kuongeza kilomita.