Kisarawe ya Kilimani, Kibaha ya Barabarani

Kisarawe ilikuwa na kanisa na shule tangu miaka ya 1890. Kibaha, mpaka Tanganyika inapata uhuru mwaka 1961, haikuwa mji. Ilikuwa nchi ya vijiji vilivyotawanyika kandokando ya Barabara ya Morogoro. Leo Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na Kisarawe ni makao ya wilaya tu. Mkubwa kapitwa kimo na mdogo wake, na namna jambo hilo lilivyotokea ni sehemu kubwa ya tarehe ya nchi iliyo mgongoni mwa Dar es Salaam.

Nchi hiyo ni Uzaramo. Masimulizi ya wazee huanza na Pazi Kilama, aliyeteremka na watu wake kutoka upande wa Ukutu na Uluguru. Washomvi wa pwani walikuwa wakisumbuliwa na Wakamba, wakamwomba Pazi msaada. Wakamba wakashindwa, na Washomvi wakakubali kulipa ada ya kila mwaka iliyojulikana kama kanda la Pazi, ndani yake chumvi na nguo. Tangu hapo jina la mtu likawa cheo. Richard Burton na John Speke walipopita Uzaramo mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, walikutana na mapazi njiani, kila mmoja na eneo lake, kila mmoja akidai hongo yake. Miaka 12 kabla yao, Mfaransa Eugène Maizan aliuawa Dege la Mhora, humuhumu Uzaramo, kwa amri ya pazi aliyeitwa Mazungera.

Wazaramo hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwakusanya wote. Walikuwa na majumbe, mizimu, mashamba ya mpunga na mtama, na udongo uliojaa sandarusi. Utomvu huo mgumu wa miti ya kale ulichimbwa kwa majembe, ukabebwa vichwani mpaka pwani, ukavushwa Unguja, kisha ukafika mpaka Salem, Massachusetts, ambako mafundi wa Marekani waliutumia kutengeneza vanishi. Uzaramo ulikuwa umeungana na soko la dunia kabla bendera ya Ujerumani haijapandishwa Dar es Salaam.

Wamisionari walifika pamoja na ukoloni. Johann Jakob Greiner, wa chama cha misheni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, alitia nanga Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka uliofuata Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien wakajenga kituo vilimani Pugu na kuanza kupokea watumwa waliokombolewa. Januari 1889, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipokuwa vimepamba moto pwani yote, kituo cha Pugu kilivamiwa na kuchomwa. Watawa watatu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye wakakombolewa kwa fidia.

Utulivu uliporudi, Greiner alipanda vilima. Mwaka 1892 akafungua kituo Kisarawe, mahali penye hewa baridi kuliko pwani, na ndugu zake wa Ulaya wakakiita Hoffnungshöhe, yaani Kilima cha Matumaini. Waliokaa hapo mwanzoni hawakuwa Wazaramo peke yao. Walikuwamo watu walionyang'anywa kwenye majahazi na misafara ya watumwa, watu wa Nyasa, wa Unyamwezi na kwingineko, ambao hawakuwa na kwao pa kurudi. Walipewa viwanja na majembe, wakajenga, wakaoana. Mwaka 1895 kituo cha pili kikafunguliwa Maneromango, kusini zaidi, na mwaka 1903 kazi yote ikakabidhiwa Misheni ya Berlin. Kwa hiyo mji wa Kisarawe, tangu siku zake za kwanza, ni mji wa wenyeji na waliookolewa, na kizazi chao kimechanganyika kiasi kwamba leo huwezi kuwatenga.

Kilichowaudhi Wazaramo zaidi kilikuwa pamba. Kuanzia mwaka 1902, Gavana von Götzen aliamuru mashamba ya pamoja ya pamba yalimwe chini ya majumbe katika wilaya za pwani ya kusini. Watu waliacha mashamba yao ya chakula wakaenda kulima ya serikali, na malipo ya msimu wa kwanza yalipokuja yalikuwa senti 35 kwa mtu. Wengi walikataa kuzipokea. Moto wa vita vya Maji Maji ulipowaka Umatumbi Julai 1905, haukuchukua muda kufika Kisangire, kusini mwa Maneromango. Jumbe wa huko, Digalu Kibasila, akasimama na watu wake. Wajerumani walimkamata na kumnyonga. Mamia ya wanafunzi wa Shule ya Sekondari Kibasila jijini Dar es Salaam hutamka jina lake kila siku, na ingefaa kila mmoja wao ajue kwamba mwenyewe alikuwa jumbe wa kijiji kilichomo Wilaya ya Kisarawe.

Baada ya vita hivyo, Uislamu ulienea kwa kasi Uzaramo kupitia walimu wa Kiafrika waliofungua vyuo vya Kurani vijijini. Ndiyo maana Kisarawe, iliyokuwa na misheni tangu mwaka 1892, imebaki kuwa wilaya yenye Waislamu wengi. Mila nazo hazikufutika. Mwali aliendelea kuwekwa ndani na kukabidhiwa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha kike cha Wazaramo, na ngoma ya mdundiko iliendelea kuvuta watu barabarani. Kanisa, msikiti na ngoma vilikaa kijiji kimoja, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja.

Reli ilipita jirani bila kuigusa Kisarawe. Kati ya mwaka 1905 na 1907 Wajerumani walijenga njia kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, ikapenya Pugu, ikateremka Soga na kuvuka Ruvu. Vituo hivyo vikazaa masoko madogo, lakini mji wa kilimani ukabaki pembeni.

Heshima ya Kisarawe ikahamia kwenye elimu. Mwaka 1925 Misheni ya Universities, UMCA, iliyokuwa na chuo chake Kiungani, Unguja, ilikihamishia Minaki, kikawa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Walimu, makarani na wauguzi wa Tanganyika nzima walipita hapo, na shule ya Minaki ingali ipo mpaka leo. Upande wa pili wa vilima, kwenye Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, mwalimu kijana Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh akaanza kufundisha historia. Mwishoni mwa juma alishuka mjini, mara nyingi kwa miguu, kwenda kwenye vikao vya siasa. Aprili 1953 alichaguliwa rais wa chama cha TAA, na Julai 7, 1954, TANU ikazaliwa. Machi 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa, aliacha ualimu. Mwaka mmoja baadaye Benjamin Mkapa, Rais wa baadaye wa Tanzania, aliingia shuleni hapo kama mwanafunzi. Pugu leo iko ndani ya mipaka ya Jiji la Dar es Salaam, lakini vilima ni vilevile na msitu ni uleule.

Kibaha ilizaliwa kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikubaliana na nchi za Nordiki, yaani Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi, kujenga kituo kitakachopambana kwa pamoja na ujinga, maradhi na umaskini, maadui watatu ambao Mwalimu Nyerere hakuchoka kuwataja. Eneo lililochaguliwa lilikuwa Tumbi, kilomita takriban 40 kutoka Dar es Salaam. Zikasimama shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, vyote kwenye ardhi moja, ili mwanafunzi, mgonjwa na mkulima waonane. Mpango huo ulikuwa mpya, kwa sababu misheni zilijenga kanisa kwanza na shule baadaye, wakati Kibaha ilijengwa na serikali mbalimbali zikishirikiana kama taifa na taifa.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Shule ya Sekondari Kibaha alikuwamo kijana wa Msoga, Jakaya Kikwete, aliyesoma hapo kuanzia 1966 hadi 1969 na ambaye baadaye alikuwa Rais wa nne wa Tanzania. Tarehe 10 Januari 1970 Wanordiki walikabidhi kituo kwa serikali, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo cha afya kilikua kikawa Hospitali ya Tumbi, ambayo madereva na abiria wa Barabara ya Morogoro wanaijua kwa sababu chungu: majeruhi wengi wa ajali za barabara hiyo hukimbizwa hapo. Chuo cha wakulima kikageuka Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Palipo na shule na hospitali, watu hujenga. Palipo na watu na barabara kuu, viwanda hufuata. Miaka ya 1970 kiwanda cha TAMCO kilianza kuunganisha malori ya Scania Kibaha. Mwaka 1985 Jeshi la Wananchi likaanzisha hapo kituo chake cha teknolojia ya magari, kikaunda lori lililoitwa Nyumbu, na mpaka leo mtaa na shirika huitwa kwa jina hilo. Watafiti wa miwa nao walipata kituo chao. Mailimoja ikawa soko, Kwa Mathias na Picha ya Ndege vikawa vituo vya daladala, na mizani ya Kibaha, kabla ya kuhamishiwa Vigwaza, ikawa mahali ambapo kila dereva wa lori aliyepita barabara hiyo alilazimika kusimama. Ofisi za mkoa zilipohamia Kibaha, huo ulikuwa tayari mji ulioanza kwa shule, ukalishwa na barabara.

Kuna jambo moja linalounganisha miji hii miwili kuliko mipaka ya wilaya. Yote miwili imeitumikia Dar es Salaam kwa muda mrefu, na mara nyingi imetumikia kabla ya kujihudumia yenyewe. Mfano wa maji unatosha kuonyesha. Tangu mwaka 1959 maji ya Mto Ruvu yanavutwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, kupitia Kibaha hadi jijini. Kisarawe, ambayo kutoka kilimani pake mtu huziona taa za jiji, ilisubiri hadi Juni 2020, Rais John Magufuli alipozindua mradi wa kuleta maji ya bomba kutoka Kibamba. Miaka 61 imepita kati ya tukio la kwanza na la pili, na katika miaka hiyo wanawake wa Kisarawe walibeba ndoo.

Mfano wa pili ni msitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia misitu inayoizunguka Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005, ukaona uchomaji mkaa ukisogea mbali na jiji kwa takriban kilomita 2 kila mwaka, na ukataji wa mbao za thamani kwa takriban kilomita 9. Pugu na Kazimzumbwi, misitu ya vilima vya Kisarawe, ilikuwa mstari wa mbele wa wimbi hilo. Kwamba sehemu yake imebaki, na sasa inalindwa kama Hifadhi ya Mazingira Asilia, ni ushindi unaostahili kupongezwa.

Ardhi nayo imewahi kuponza wanakijiji. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji vya Kisarawe ili ipande mibono ya kutengenezea mafuta ya mitambo. Ahadi zilikuwa ajira, visima, zahanati. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika, mamia ya wafanyakazi wakarudi nyumbani, na wanavijiji wakabaki wakiuliza ardhi yao iko mikononi mwa nani. Tukio hilo linapaswa kusomwa sambamba na lile la pamba ya 1902. Mara zote mbili zao lilichaguliwa na mtu wa mbali, na hasara ikabaki kwa mkulima.

Sasa kasi ya mabadiliko imeongezeka. Barabara ya kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kuwa njia nane. Mwaka 2022, mwezi Februari, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Kwa Mfipa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, inayotumiwa na vyama sita vilivyopigania ukombozi kusini mwa Afrika. Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ikaanza kupita Pugu, Soga na Ruvu, karibu sambamba na njia ile ya Wajerumani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 128,488 katika Halmashauri ya Mji Kibaha na 101,598 Kisarawe. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 260,000 Kibaha na karibu 160,000 Kisarawe. Wageni wanaonunua viwanja Msangani, Visiga au Kiluvya ni wengi kuliko wenyeji wanaoweza kuwaeleza pale walipo ni wapi.

Na hapo ndipo penye hatari. Kumbukumbu za Kisarawe ya 1892 ziko zaidi kwenye makabati ya Berlin. Za Kibaha ya 1963 ziko Stockholm, Oslo, Copenhagen na Helsinki. Zilizobaki nyumbani zimo vichwani mwa watu, na aliyekuwa na miaka 20 Wanordiki walipoanza kujenga Tumbi sasa amevuka 80. Shirika la Elimu Kibaha lina maktaba na wanafunzi. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zina maofisa utamaduni. Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kilutheri ina vitabu vya ubatizo vya Kisarawe na Maneromango, na masheikh wana silsila za walimu wao. Wakutane mwaka huu, wagawane vijiji, wawatume vijana wa sekondari na daftari na simu za kurekodia, waanze na Kisangire, na kila kitakachoandikwa nakala yake ibaki Kibaha na nyingine Kisarawe.