Mesmer na Mizani ya Ushahidi: Ipi Ni Elimu ya Nafsi, na Ipi Ni Dai Tupu?

Mwanafunzi wa fiqhi, afikapo mlango wa hukumu na ushahidi, hufunzwa mapema kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye kudai. Kadhi hamtaki mdaiwa athibitishe kuwa hana deni. Kanuni hii haikomei mahakamani. Mtu anapougua nafsi, jamaa zake hukutana na wengi wanaojiita wataalamu wa saikolojia. Wamo wenye elimu ya kweli, na wamo wasiokuwa nayo. Tutawatofautisha vipi? Tumeona inafaa turejee kisa kimoja katika historia.

Franz Anton Mesmer alikuwa tabibu aliyesomea Vienna, akahamia Paris mwaka 1778. Alidai kwamba ulimwengu umejaa uowevu usioonekana, kwamba maradhi husababishwa na kuzuilika kwa uowevu huo mwilini, na kwamba yeye anaweza kuuongoza kwa mikono yake. Wagonjwa walizunguka pipa kubwa la mbao lenye chupa za maji na fito za chuma, huku muziki ukipigwa. Wengine walitetemeka, wengine walizimia, na wapo waliosema wamepata nafuu. Wala hatusemi kuwa walisema uongo. Swali ni jingine: je, nafuu yao inathibitisha kuwa uowevu ule upo?

Mwaka 1784, sawa na 1198 Hijria, Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume ya kulichunguza jambo hilo. Miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo Benjamin Franklin na mwanakemia Lavoisier. Hawakuridhika na kusikiliza sifa za waliopona, bali walifanya majaribio pamoja na Deslon, mwanafunzi wa Mesmer. Katika bustani ya Franklin huko Passy, Deslon alitia nguvu hiyo katika mti mmoja. Kisha kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupitishwa kwenye miti mingine. Alipofika mti wa nne alizimia, na haukuwa mti ule! Mwanamke mmoja naye aliambiwa kuwa Deslon yuko nyuma ya mlango akimtibu. Baada ya muda mfupi alishikwa na mtetemeko, ilhali Deslon hakuwapo.

Hivyo basi, tume ilitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: tukio na sababu yake. Mitetemeko ilikuwapo kweli, lakini ilifuata matarajio ya mgonjwa, si uowevu. Ama Mesmer, hakuikubali hukumu hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyepimwa ni Deslon, si yeye.

Je, jambo lote lilikuwa batili? La. Mwaka 1843 tabibu James Braid, aliyefanya kazi Manchester, alichapisha kitabu kuhusu hali hiyo inayofanana na usingizi. Aliutupa uowevu, akabaki na kile kilichoweza kuchunguzwa, akakiita hipnosi. Hii ndiyo alama ya elimu: hukubali kupimwa, na huacha kilichoshindwa.

Tusidhani kwamba mizani hii ni ya wageni peke yao, wala tusiwaondoe wetu katika mizani hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa na mpendwa, na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na mabadiliko ya damu. Maelezo yake kuhusu damu hayakusimama mbele ya utafiti wa baadaye. Lakini kule kutofautisha aina za huzuni kungali na manufaa. Basi kauli haithibiti kwa kuwa msemaji wake ni Muislamu, wala haibatiliki kwa kuwa ni wa kale.

Ndugu msomaji, mtu akikuahidi kuitibu nafsi ya mzazi au mwanao, muulize: dai lako lilipimwa vipi, na ni matokeo gani yangekufanya uliache? Asiye na jibu, usimkabidhi mgonjwa. Gharama ya dai tupu si fedha pekee. Mgonjwa hucheleweshwa kupata tiba, na kuchelewa huko huweza kugharimu uhai.

Wallahu a'lam.