Moshi Usio na Risiti

Reli ilipofika ufukweni mwa Ghuba ya Winam Desemba 1901, mji wa Kisumu ukiitwa Port Florence, ilikuja na makarani wake. Tangu hapo kilichopakiwa garimoshini au kulipiwa ushuru kiliandikwa. Kilichoungua jikoni na shambani kilipita bila kuandikwa. Upendeleo huo wa daftari bado unaishi, na anayetaka kukokotoa ozoni ya Kisumu hana budi kuanza kwa kuurekebisha. Ozoni ya karibu na ardhi haitoki katika bomba la gari wala la kiwanda. Mkemia Haagen-Smit alionyesha huko Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba huzaliwa oksidi za nitrojeni na mivuke ya kaboni vinapokutana juani. Hivyo uwiano wa viwili hivyo una uzito zaidi kuliko jumla yake: ukiukosea, modeli yaweza kushauri kupunguza oksidi za nitrojeni mahali ambapo kuzipunguza kutaongeza ozoni.

Chukua mafuta ya magari. Bomba la kutoka Nairobi lilifika Kisumu 1994, na malori hujaza hapo yakielekea Uganda na kwingineko. Anayehesabu moshi kwa mauzo ya depo ataitwisha Kisumu moshi unaotoka Kampala. Upande wa pili, samaki aitwaye mbuta alipotapakaa ziwani miaka ya 1980, biashara ya samaki ilihamia kwenye moto: tofauti na dagaa waitwao omena, nyama yake yenye mafuta mengi haikauki vizuri juani, ikataka kuni. Viwanda vilichukua minofu, na mifupa, ule mgongo wazi, ikakaangwa mtaani Obunga. Viwanda vina hesabu za umeme na dizeli. Kuni za wakaangaji hazina risiti, ingawa ndizo zenye mivuke mingi. Bodaboda nazo, zilizoacha baiskeli na kushika pikipiki, husajiliwa kitaifa. Sajili haisemi ipi inatembea mtaani Kondele na ipi imekufa. Watafiti Marais na Wiedinmyer waliona pengo la aina hii barani kote, na mwaka 2016 wakatoa orodha ya vyanzo vya moshi Afrika iliyojumuisha pikipiki, makaa na jenereta.

Huenda mtu akasema setilaiti imemaliza kazi hiyo. TROPOMI, kipimo cha setilaiti kilichorushwa 2017, inaona dioksidi ya nitrojeni, lakini hupita mchana mara moja, mawingu huiziba, na haitofautishi kikaango na pikipiki. Inafaa kuikagua orodha. Haiwezi kuwa orodha. Wengine watasema mji ni mdogo. Ziwa halijali udogo huo: upepo wa usiku husukuma hewa ya mji majini, ule wa mchana huirudisha ikiwa imekwisha kupikwa na jua. Na kwa kuwa hewa hiyo haiishii mpakani mwa mji, moto wa mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni lazima uingie pia orodhani, kwa tani zinazopita mizani ya kiwanda, baada ya kutoa miwa iliyokatwa mibichi. Mizani ipo, na kumbukumbu zake zinaweza kusomwa msimu kwa msimu.